Grini kadi mkononi, kazi Maskati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa Mzanzibari aliyepata viza ya uhamiaji ya Marekani, ile inayoleta grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, iwe kwa ndoa, kwa ndugu au kwa bahati nasibu, na huku riziki yake bado iko kwengine: Maskati, Dubai, au hapahapa Unguja na Pemba. Maswali ni yale yale yanayorudi barazani na kwenye magrupu ya WhatsApp, ambako hujibiwa kwa uhakika mkubwa na watu ambao hawajawahi kuisoma fomu hata moja. Sheria zinazoelezwa hapa ni za Marekani, isipokuwa pale nchi nyengine inapotajwa kwa jina.

Viza imeshabandikwa kwenye paspoti. Naweza kungoja mkataba wangu wa Maskati umalizike ndipo niende?

Hapana, labda mkataba uwe unamalizika kabla ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye viza yenyewe. Viza ya uhamiaji kwa kawaida haizidi miezi sita tangu kutolewa, na mara nyengine hupungua hapo kwa sababu inafuata muda wa vipimo vya afya. Siku hiyo ikikukuta hujaingia Marekani, unaanza kuubembeleza ubalozi, na hakuna anayelazimika kukukubalia.

Kama viza mmezipata kwa jina la mmoja wenu, huyo mwenye jina atangulie au muingie pamoja. Mke na watoto hawawezi kutangulia yeye akabaki Omani kumalizia kazi.

Nikishaingia, nikae muda gani kabla ya kurudi kazini?

Sheria haikutaja idadi ya siku. Likizo ya kawaida inatosha kwa kuingia tu. Kabla ya safari lipa ada ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, dola 235 kwa njia ya mtandao, maana bila ada hiyo kadi haichapishwi. Muhuri utakaogongwa uwanja wa ndege juu ya viza unakuwa ushahidi wa ukaazi wako kwa mwaka mmoja, kwa hiyo unaweza kutoka na kurudi kwa paspoti hiyo hata kama kadi haijafika.

Kadi huja kwa posta kwenye anwani ya Marekani uliyoitoa. Iwe anwani ya mtu anayefungua barua zake, si ya rafiki wa rafiki. Na ukihama, USCIS inatakiwa ijulishwe ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11, hata kama umetoka chumba cha binamu umehamia kwa shemeji.

Kinachotaka muda zaidi ni kibali cha kurudi, ambacho kina swali lake hapo chini. Kama mwajiri wako anaweza kukuongeza likizo bila malipo, mwombe kwa ajili hiyo.

Kadi ina miaka kumi. Kwa nini nisiiweke kabatini mpaka nitakapokuwa tayari?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine yote ni matawi yake. Ile miaka kumi ni umri wa plastiki. Ukaazi unategemea jambo jengine kabisa: kwamba kwako ni Marekani, na huku nje umetoka kwa muda. Mtu anaweza kuwa na kadi yenye miaka tisa mbele yake na ukaazi wake umeshakufa. Na aliyeishi kule miaka yote, kadi ikimalizika tarehe hapotezi ukaazi, anachotakiwa ni kuomba kadi nyengine.

Afisa wa mpakani hahesabu siku peke yake. Anataka kujua ulitoka kwa sababu gani, sababu hiyo inaisha lini, nyumba yako iko wapi, mke na watoto wanalala wapi, mshahara unaingia benki gani, na kodi umelipa kama nani.

Chukua watu watatu. Bibi amefiwa na mumewe Wete, amekaa eda miezi minne na siku kumi, kisha anarudi Ohio kwa wanawe. Safari yake ina sababu na ina mwisho uliojulikana tangu siku ya kwanza. Kijana amekwenda Mkoani kumsaidia baba yake msimu wa karafuu. Naye ni vivyo hivyo, ilimradi msimu ukiisha anaondoka. Wa tatu ana ajira ya kudumu Maskati, kapanga nyumba Al Khoud, watoto wanasoma skuli huko huko, na Marekani ana sanduku moja kwa rafiki yake. Huyu hata akiingia Marekani mara mbili kwa mwaka, ukweli ni kwamba anaishi Omani na Marekani anakwenda kutembea.

Kufanya kazi nje si kosa na peke yake hakuui ukaazi. Mkataba wa mwaka mmoja, mradi wenye tarehe ya kufungwa, uhamisho wa muda kutoka kwa mwajiri wa Kimarekani, hayo yote yanateteeka. Kinachomponza mtu ni ajira isiyo na mwisho. "Mpaka Mungu atakapofungua njia" ni nia njema lakini si tarehe.

Kesi za mirathi ziko katikati. Sababu ni ya kweli, ila kila mtu anajua shauri kwa Kadhi linavyoweza kuahirishwa mpaka wajukuu wakaingia kwenye orodha ya warithi. Ukiwa kwenye hali hiyo, hifadhi kila karatasi ya mahakama yenye tarehe. Kumuuguza mzee ni hivyo hivyo: barua ya daktari, tarehe ya upasuaji, tarehe ya marudio.

Nimeambiwa nikiingia mara moja kila miezi sita kadi inabaki salama. Kweli?

Si kweli, ingawa ndilo jibu linalopendwa kuliko yote. Miezi sita na mwaka ni mipaka miwili inayofanya kazi tofauti, na hakuna hata mmoja unaotoa dhamana.

Ukikaa nje zaidi ya siku 180 mfululizo, sheria inakuhesabu kuwa unaomba kuingia upya, kwa hiyo unaweza kuchunguzwa kama mgeni: makosa ya zamani, afya na mengineyo. Ukifika mwaka mmoja au zaidi, kadi peke yake haifai tena kuwa hati ya kuingilia, lazima uwe na kibali cha kurudi. Chini ya siku 180 kawaida unapita kwa urahisi zaidi. Lakini mtu anayeingia wiki mbili, anatoka miezi mitano, anaingia tena wiki mbili, kwa miaka mitatu mfululizo, anaacha alama ya wazi kwenye kompyuta ya mpakani. Afisa ana haki ya kuuliza hizo wiki mbili ni za nini.

Kibali cha kurudi ni nini, na nakiombaje?

Ni kijitabu kinachofanana na paspoti, kinachoombwa kwa fomu I-131. Ada yake ni dola 630. Kwa mtu mwenye mkataba wa kazi nje hiki ndicho chombo chake, na maoni yangu ni kwamba kiombwe katika safari ya kwanza kabisa, wiki ile ile ya kuingia, kabla ya kutembelea jamaa.

Sharti linalowakwaza wengi: siku fomu inapopelekwa, wewe mwenyewe uwe ndani ya Marekani. Hakiombwi ukiwa Maskati, wala ukiwa Unguja, wala kwenye ubalozi wa Dar es Salaam. Wakala anayekuambia atakujazia huku wewe uko Mwanakwerekwe anakuuzia ombi litakalokataliwa. Baada ya fomu kupokelewa utaitwa kutoa alama za vidole, na hilo nalo hufanyika Marekani. Barua ya wito hutumwa kwenye ile ile anwani, ndiyo maana tumesisitiza mtu anayefungua barua.

Alama za vidole zikishachukuliwa unaweza kuondoka na kuliacha ombi linasubiri. Majibu huchukua miezi mingi. Kwenye fomu unaruhusiwa kuchagua kibali kitumwe kwenye ubalozi au konsuli ya Marekani nchi uliko, ukakichukulia hapo.

Kinadumu miaka miwili na hakiongezwi muda. Kikimalizika unaomba chengine, tena ukiwa Marekani. Kama tangu uwe mkaazi umekaa nje zaidi ya miaka minne katika mitano iliyopita, kwa kawaida utapewa cha mwaka mmoja tu, isipokuwa makundi machache kama watumishi wa serikali ya Marekani. Usingoje kufika hapo ndipo ufikirie unaishi wapi.

Kibali nacho kina mpaka wake. Kinamzuia afisa asikuhukumu kwa urefu wa muda peke yake. Hakimzuii kuona kwamba umeuza gari, umefunga akaunti na umehamishia familia nzima Omani. Kwa hiyo ombi lifuatane na barua ya mwajiri yenye tarehe ya mwisho wa mkataba, na huku Marekani uache vitu vinavyoonesha unarudi: akaunti inayotumika, leseni ya udereva, nyumba au chumba chenye mkataba, kodi iliyolipwa.

Nikikaa Marekani kungoja alama za vidole, bataka yangu (kitambulisho cha ukaazi) ya Omani itakuwaje?

Hapa watu wanavutwa pande mbili. Omani ina mpaka wake: mkaazi wa kigeni anayekaa nje zaidi ya siku 180 mfululizo yuko katika hatari ya kupoteza ukaazi wake. Falme za Kiarabu nazo zina mpaka huo huo wa siku 180, isipokuwa kwa makundi machache kama wenye viza ya dhahabu. Kule Ghuba ukaazi wa mfanyakazi umefungwa kwa mwajiri, na mwajiri akiifuta viza yako huku uko nje, hiyo ndiyo habari.

Kwa hiyo ratiba inayofaa ni ya kuingia Marekani, kupeleka I-131 mara moja, kungoja wito wa alama za vidole, kisha kurudi Maskati muda ungali unakuruhusu. Kama mwajiri hakupi likizo ndefu hivyo, unaweza kupeleka ombi, ukarudi kazini, ukaja tena Marekani kwa siku ya alama za vidole. Tiketi ni mbili badala ya moja. Bado ni nafuu kuliko kupoteza kimoja kati ya viwili.

Mshahara wangu ni wa Omani na haukatwi kodi. Marekani inanihusu nini?

Inakuhusu tangu siku uliyogongewa muhuri. Mwenye grini kadi ni mlipa kodi wa Marekani kwa mapato yake ya dunia nzima, hata kama dola hizo hazijawahi kuikanyaga Marekani. Kila mwaka unajaza fomu 1040. Anayeishi nje tarehe 15 Aprili, siku ya mwisho ya kawaida, anapata nyongeza ya muda ya moja kwa moja ya kuwasilisha mpaka 15 Juni.

Kuwasilisha hakumaanishi lazima ulipe. Fomu 2555 inakuruhusu kuondoa mapato ya kazi ya nje hadi kiwango fulani. Kwa mwaka wa kodi 2025 kiwango ni dola 130,000. Hapa Mtanzania ana njia moja tu. Kuna kipimo cha kuwa mkaazi halisi wa nchi ya nje, lakini hicho ni cha raia wa Marekani na wa wakaazi wanaotoka nchi zenye mkataba wa kodi na Marekani, na Tanzania haina mkataba huo. Kinachobaki ni kipimo cha siku 330 nje ya Marekani ndani ya miezi 12 mfululizo.

Tazama basi kilichotokea: ili usilipe kodi, umeandika kwa mkono wako kwamba katika miezi 12 ulikuwa nje siku 330. Ni halali na watu wanafanya. Ila karatasi hiyo ipo, na siku ukiulizwa mpakani unaishi wapi isiseme kitu kimoja na mdomo wako ukasema chengine. Ukiwa na kibali cha kurudi na mkataba wenye mwisho, habari zote zinakwenda njia moja. Kwa anayefanya kazi Unguja na kukatwa PAYE, kuna njia nyengine ya kuhesabiwa kodi aliyokwisha kulipa, fomu 1116.

Mambo mawili usiyafanye. La kwanza, usijaze fomu ya asiye mkaazi, 1040-NR, kwa kuwa mhasibu amekuambia ni rahisi. Ukijiita si mkaazi mbele ya idara ya kodi umewapa uhamiaji ushahidi kwamba ukaazi umeutupa. La pili, usipuuze ripoti ya akaunti za nje: jumla ya pesa kwenye akaunti zako zote za nje ya Marekani ikizidi dola 10,000 hata kwa siku moja katika mwaka, unatakiwa kuripoti. Riali zinazolimbikwa kwa ajili ya nyumba ya Fuoni nazo zinahesabiwa.

Kadi yangu ni ya miaka miwili, nimeipata kwa ndoa.

Hiyo ni ya masharti, kwa kuwa ndoa yenu ilikuwa haijatimiza miaka miwili siku ulipoingia. Ndani ya siku 90 kabla haijamalizika, wewe na mwenzio mpeleke pamoja fomu I-751, ya kuyaondoa masharti, na ushahidi kwamba mnaishi kama mke na mume. Mmoja akiwa Maskati na mwengine Minnesota, ushahidi huo hautajitengeneza wenyewe: tiketi za kutembeleana, akaunti ya pamoja, bima, picha. Kibali cha kurudi kwa mwenye kadi hii hakivuki tarehe ya masharti hayo.

Mke wangu ana kadi, na anataka kujifungulia Unguja karibu na mama yake. Mtoto ataingiaje Marekani?

Mtoto aliyezaliwa wakati mama mwenye ukaazi yuko nje kwa safari ya muda anaweza kuingia bila viza ya uhamiaji, ikiwa hajatimiza miaka miwili na anaingia na mzazi mwenye ukaazi katika safari ya kwanza ya mzazi huyo kurudi. Neno zito ni hilo la safari ya kwanza. Mama akijifungua, akaenda Marekani peke yake kuwahi jambo dogo na kumwacha mtoto kwa bibi yake, nafasi inaweza kupotea, na hapo mtoto anaanza kuombewa viza kama mtu mwengine yeyote.

Cheti cha kuzaliwa kichukuliwe mapema kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, na jina la mama liandikwe vile vile lilivyo kwenye kadi. Herufi moja iliyobadilika, Khadija na Hadija, inaleta maelezo marefu kaunta ya shirika la ndege. Paspoti ya mtoto nayo itahitajika.

Nikiwa na grini kadi napoteza uraia wa Tanzania?

Hapana. Ukaazi si uraia. Utakapokuwa mtu mzima uliyeapishwa kuwa raia wa Marekani, hapo ndipo sheria ya Tanzania inapokuhesabu kuwa umeuacha wa nyumbani.

Miaka ninayofanya kazi nje inahesabiwa kwenye kuomba uraia wa Marekani?

Kwa wengi haihesabiwi. Njia ya kawaida inataka miaka mitano ya ukaazi usiokatika, na ndani yake angalau miezi 30 ya kuwepo kwa mwili. Safari inayozidi miezi sita inaukata mfululizo huo isipokuwa uthibitishe vyengine, na ya mwaka mzima inaukata moja kwa moja, kibali cha kurudi uwe nacho usiwe nacho. Fomu N-470 inaweza kuuhifadhi, lakini ni kwa wanaofanyia kazi serikali ya Marekani, kampuni ya Kimarekani ya biashara ya nje, taasisi ya utafiti inayotambuliwa au shirika la kimataifa ambalo Marekani ni mwanachama, na kwa kawaida uwe umeshakaa Marekani mwaka mzima bila kutoka. Mhudumu wa hoteli ya Nungwi haimhusu.

Nimepitisha mwaka bila kibali. Nimeshapoteza?

Kuna viza ya mkaazi anayerejea, SB-1, inayoombwa ubalozini kwa fomu DS-117. Unatakiwa kuonesha mambo matatu: ulikuwa mkaazi halali ulipotoka, ulitoka ukiwa na nia ya kurudi, na kilichokuzuia hakikuwa katika uwezo wako. Ugonjwa mkubwa wenye karatasi za hospitali unaingia. Mwajiri kuongeza mkataba, na wewe ukakubali kwa kuwa mshahara ulikuwa mzuri, hauingii.

Kadi imepotea nikiwa Dubai.

Fomu I-131A, kwenye ubalozi au konsuli ya Marekani, ikiwa hujatimiza mwaka tangu utoke. Utapewa hati ya kupandia ndege. Picha ya kadi, mbele na nyuma, iwe kwenye simu yako na ya mtu mwengine.

Ndugu yangu yuko Uingereza, mwengine Canada. Ni hivyo hivyo?

Mipaka ni mingine. Ukaazi wa kudumu wa kawaida wa Uingereza unakufa ukikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo. Canada inataka siku 730 za kuwepo katika kila miaka mitano, na hapo hesabu ni ya siku kweli, tofauti na Marekani.

Afisa uwanja wa ndege amesema sina haki tena na amenipa fomu nisaini.

Bila shaka ni I-407, ya kuuacha ukaazi kwa hiari. Una haki ya kutoisaini. Afisa wa mpakani hawezi peke yake kukuvua ukaazi. Ukikataa, atakupeleka mbele ya jaji wa uhamiaji, na huko serikali ndiyo yenye kazi ya kuthibitisha kwamba uliutupa. Ni usumbufu, tena baada ya safari ndefu na watoto wanaolia. Usisaini kitu usichokielewa, na omba mkalimani wa Kiswahili bila haya.

Na kama kweli sitaki kuhamia Marekani?

Basi fomu ile ile I-407 ni yako, kwa hiari na kwa utulivu, na haina ada. Hutumwa USCIS kwa posta. Watu wanadhani kuiacha kadi ifie kabatini ni sawa na kuirudisha, lakini idara ya kodi inaendelea kukuhesabu mpaka ukaazi ufutwe rasmi, na ukifika miaka minane kati ya kumi na mitano, kujitoa kunaweza kuleta hesabu nyengine ya kodi ya kuondoka. Aliyekwisha kuamua kwamba maisha yake ni Maskati au Chake Chake afanye mapema, kisha akitaka kwenda kuwaona wajukuu aulize ubalozini kuhusu viza ya matembezi. Nakala ya fomu hiyo na risiti ya posta uzihifadhi pamoja na paspoti yako ya zamani.